Siku Nilizosemewa

Kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye kichwa kimempiga, mdomo umekwenda upande na maneno hayatoki, soma haya kabla hujaanza kumsemea. Mimi nilisemewa. Nilikuwa palepale kitandani, macho wazi, masikio mazima, nikisikia habari za mambo niliyosema, na sikuwa nimeyasema.

Uganga siujui. Nilimaliza sekondari hapa Kasongo, na cha maana nilichotoka nacho huko ni mke na uwezo wa kuandika barua bila kusaidiwa. Kazi yangu ni kushona nguo. Masini yangu iko barazani, kitanda changu kiko nyuma ya ukuta wa baraza, na msala wa kuswalia uko katikati. Kati ya hivyo vitatu ndimo nilimoishi. Jina langu ni Musafiri. Wazazi waliponipa jina hilo hawakujua kwamba wanampa mtu ambaye kwenda sokoni tu kunamtia homa. Mke wangu, Mama Amina, alikuwa anawaambia majirani, "Mukitaka kumuona Papa Amina mulete kitambaa. Bila kitambaa hamutamuona inje."

Nilizaliwa upande wa Wamaza, kule Kabambare, kwa Wabangubangu. Nililetwa Kasongo kwa shangazi yangu nikiwa mtoto ili nisome, na sikurudi kukaa. Nilirudi kwa misiba, na Idi mojamoja, safari nzima juu ya pikipiki nimefumba macho. Nyumba ya kina Mama Amina ni watu wa mji, Waislamu wa Kasongo tangu mababu wa mababu zao, na kwao Kiswahili ndiyo lugha ya kila kitu: ya kupika, ya kugombana, ya kumwombolezea mtu. Mimi nikaingia humo mzima mzima. Kibangubangu nilikiweka chini kabisa ya sanduku, pamoja na nguo za utoto. Watoto wangu hawakijui hata neno.

Yalikuwa majuma ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, wakati ambapo fundi wa nguo anakuwa mtu mkubwa hapa kwetu. Baraza limejaa vitambaa vyeupe na vya bluu, akina mama wamekaa kwenye benchi, kila mmoja anataka mtoto wake awe wa kwanza. Nilikuwa ninakata suruali. Mkasi ukaanguka. Nikainama kuuokota, na mkono wa kuume ukakataa kufika chini. Ulining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Nikataka kusema, "Mama Amina, nipe maji." Sentensi yote nilikuwa nayo kichwani, imepangwa vizuri. Kilichotoka ni sauti ya mbuzi.

Wale wanawake wakacheka. Siwalaumu. Mimi ni mtu wa mizaha, na siku chache kabla nilikuwa nimejifanya nimetegua kiuno ili nisiende harusini. Mama Amina akatoka na mwiko mkononi. "Leo ni harusi ya nani tena?" akauliza. Kisha akaona mate yanavyoshuka upande mmoja. Mwiko ukamtoka, ukaanguka juu ya kitambaa cheupe cha watu, na mawese ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, yakaacha doa ambalo mwenye mali, nasikia, hajalidai mpaka leo. Huruma nyingine huja hivyo, mtu anakataa tu kukutajia doa.

Walinipeleka hospitali kwa pikipiki, nimefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva kama mtoto anayebebwa, Mama Amina nyuma amenikumbatia. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ambayo sikupata kisingizio.

Tangu siku ile nimekaa kwenye mabenchi mengi ya hospitali, na shauri langu ni hili: chagua benchi lenye ukuta. Mgonjwa wa upande mmoja, bila ukuta, anaanguka polepole kama nyumba ya udongo kwenye mvua, na yeye mwenyewe hana habari. Mimi nilimwangukia mama mmoja aliyekuja kwa jino, shavu limemvimba. Hakunisukuma. Aliniwekea bega, akasema kwa mdomo uliofunga nusu, "Legea, papa. Hata mume wangu ni muzito." Tulikaa hivyo mpaka tulipoitwa, watu wawili wasioweza kusema vizuri.

Walinipima tansio, yaani msukumo wa damu, na mfirmie, muuguzi wa zamu, akaipima tena kwa mkono wa pili, kama mnunuzi asiyeamini mizani. Wakasema mshipa umeziba kichwani, upande wa kushoto, na ndiyo maana upande wa kuume umelala. Picha ya ubongo hupigwa katika miji mikubwa, mbali. Hapa daktari anamtazama mtu, anamgonga goti, anamkuna nyayo, na anakisia. Zaidi ya hapo siandiki, waulizeni wenyewe.

Nilikaa katika chumba cha wanaume mpaka mvua zikawa kali. Asubuhi moja niliamka nikakuta kuna mkono wa mtu kitandani mwangu, mzito, baridi. Nikausukuma kwa mkono wa kushoto, ukarudi. Nikakasirika sana kwamba wamenilaza na mtu mwingine. Mama Amina akauinua mbele ya macho yangu. "Ni wako," akasema. "Ona, alama ya pasi." Nilitazama ile alama ya pasi niliyoungua nayo siku za ujana, nikaona haya, kama mtu aliyemkana ndugu yake hadharani.

Na haya zilikuwa nyingi. Mama mkwe wangu, ambaye miaka yote sikuwahi kukaa mbele yake bila kofia, ndiye aliyekuja na uji wa mchele kila asubuhi na kunipangusa kidevu. Kikojozi nilikuwa. Nilivalishwa kitenge cha mke wangu, chenye maua makubwa, na mgonjwa wa kitanda cha pembeni akaniambia nimependeza.

Sasa niwaambie habari ya mdomo.

Siku moja mama mkwe aliweka mkono juu ya kichwa changu na kuanza kunisomea Fatiha. Katikati nikasikia sauti nyingine inasoma naye. Ilikuwa yangu. Nikaisoma yote, wazi, bila kukwama, mpaka amina. Mama mkwe akalia, Mama Amina akalia, na binti yetu Amina akatoka mbio kwenda kupiga simu kwa watu wote. Kisha Mama Amina akainama karibu na uso wangu. "Niite basi," akasema. "Jina yangu. Niite."

Nilimjua. Jina lilikuwa hapo, naliona, kama kitu kilichowekwa juu ya kabati na mimi ni mfupi. Mdomo ukafunguka, ukafunga. Hakuna kitu.

Amina, msichana wa sekondari, akajaribu kwa njia yake. "Papa, hesabu." Moja, mbili, tatu, nikateremka kama gari lisilo na breki, nikapita kumi nikaendelea. "Sawa, papa. Sasa sema tatu peke yake." Sikuweza. Kufika kwenye tatu ilibidi nitoke tena kwenye moja.

Mama mkwe alifunga kikombe chake cha uji kwa kitambaa. "Kurani anayo," akasema. "Hesabu anayo. Ni sisi tu hatuna nafasi ndani ya kinywa chake."

Kuanzia siku ile walinitazama kwa jicho jingine.

Neno moja la Kiswahili lilibaki, nalo ni ndiyo. Lilikuwa linatoka lenyewe. Una njaa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Nilikuwa nalisikia likitoka kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Sina mkono wa kuizima. Nikitikisa kichwa kukataa, mara nyingine kinatikisika kukubali. Mdomo wangu uliokuwa unawachekesha watu kwenye baraza ukawa ndio mtu wa kwanza kunisaliti. Mkono niliuelewa, umelala. Mdomo haukulala. Ulikuwa macho, unafanya kazi, unanifanyia kinyume.

Alasiri moja mvua inapiga mabati, kiu imenikaba, na neno la maji likatoka. Ila lilitoka kwa Kibangubangu. Nilishituka kuliko mtu yeyote. Kesho yake likaja la baridi, kisha la mguu, kisha la "niacheni." Niliongea kama mtoto wa umri ule niliotoka nao Wamaza, sentensi fupi fupi, bila adabu za wakubwa. Katika chumba chote hakuna aliyeelewa. Mama Amina alisimama na kikombe, nikamwambia maji, akanifunika blanketi.

Kwa watu wa nyumba ile jambo hilo lina maana yake, na si ya ubongo. Mama mkwe ndiye aliyeisema, kwa sauti ya chini lakini chumba ni kidogo. "Mugonjwa akianza kuongea luga ya kwao, anaita watu wake. Anataka kuagana. Munamuzuia ya nini?"

Mama Amina alisubiri mama yake aondoke. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, upande wangu ule ulio mzima. "Tangu umenioa sikusikia kile kiluga kikitoka kwako," akasema. "Leo kwangu umefunga mulango, kwao umefungua. Nilikukosea nini, Papa Amina?"

"Ndiyo," nikasema.

Akainuka, akaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Wakamwita mdogo wangu Sumaili. Sumaili ana pikipiki, anabeba wafanyabiashara kutoka Wamaza mpaka Salamabila kwenye dhahabu na kuwarudisha, na barabara ya matope anaijua kuliko walioichora. Alifika amelowa mpaka nyusi. Akanisalimu kwa Kibangubangu, nami nikamjibu, nikamwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo nilikuwa nimelisahau. Tulilia sote wawili. Sitaficha kwamba siku ile nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Hatimaye kulikuwa na mtu ambaye maneno yangu yanaingia kwake.

Mwanzoni alinisemea vizuri. "Anasema uji uko na sukari mingi." "Anasema mutu wa kitanda hiki cha pembeni anakoroma." Watu wakacheka, nikaanza kuwa mimi tena. Mama Amina akaleta uji usio na sukari, akanitazama nilivyokunywa, na usoni mwake nikaona kitu kikilegea. Nikamwambia Sumaili, kwa maneno yangu ya kitoto: Mwambie huyu mwanamke, nyumbani. Masini isiuzwe. Nipeleke nyumbani kwangu, barazani. Sitaki kwenda mahali.

Sumaili akajifuta uso. Kisha akamgeukia mke wangu.

"Shemeji, anasema tumurudishe Wamaza," akasema. "Kwa mama yetu. Anasema hapa hatapona."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Lakini Kiswahili nilikuwa nakisikia chote, kila silabi, kama zamani. Nikapiga kelele kwa Kibangubangu: Mwongo, sikusema hivyo, mwambie ukweli.

"Anasema nini sasa?" Mama Amina akauliza.

"Anakasirika," Sumaili akajibu. "Anasema munamuchelewesha."

Jamani, kuna mateso mengi ya mwili, lakini sijui kama kuna yanayofanana na hayo. Kila nilivyozidi kukataa ndivyo nilivyozidi kusihi nipelekwe. Nikalia, ikawa ninalilia Wamaza. Nikageukia ukutani, ikawa nimesusa kwa sababu sijapelekwa. Nilijaribu kumshika Mama Amina mkono, akaona ninaaga.

Akainama. Alitaka kusikia kutoka kwangu mwenyewe, namshukuru kwa hilo. "Papa Amina. Ni kweli unataka kwenda?"

Nilikusanya nguvu zote za mwili kwa ajili ya neno moja, hapana. Nililiona. Nililishika. Nikafungua mdomo.

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na bei. "Sawa," akasema. "Sawa."

Kesho yake alileta begi. Alikunja mashati yangu moja moja, akaweka mkasi wangu mzuri katikati ili usichafuke, akaweka kofia yangu ya Idi. Hakulia. Nilimtazama akikunja, na hilo liliniuma kuliko uongo wa Sumaili, kwamba alikunja vizuri vile. Mtu aliyevunjika moyo hukunja ovyo. Yeye alilinganisha mikono ya mashati.

Ili mgonjwa atoke lazima daktari akubali. Daktari aliyekuwa zamu siku ile alikuwa kijana, alikuwa amesafiri kwao na amerudi juzi tu, hakunijua. Akasoma makaratasi, akauliza kwa nini mtu wa tansio kama hii anapandishwa pikipiki mpaka Wamaza kwenye mvua.

"Mwenyewe ameomba," Mama Amina akasema.

"Ameomba kwa luga gani?"

"Ya kwao. Na kwa Kiswahili amesema ndiyo."

Daktari akavuta kiti. Akatoa mfukoni ufunguo, akachukua kijiko changu, sabuni, na kitana cha mgonjwa wa pembeni, akavipanga kitandani. "Papa, usiseme kitu," akaniambia kwa Kiswahili. "Onyesha tu. Sabuni." Nikaonyesha sabuni kwa mkono wa kushoto. "Kitu cha kuchania nywele." Nikaonyesha. "Gusa ufunguo, halafu pua yako, halafu mutazame mke wako." Nikafanya hivyo kwa mpangilio, na nilipofika kwa mke wangu nilibaki hapo.

"Sasa nitakuuliza," akasema daktari. "Papa, weye ni mwanamuke?"

"Ndiyo."

"Umezaa watoto na huyu bwana wa kitanda cha pembeni?"

"Ndiyo."

Chumba kizima kikacheka, na bwana mwenyewe akasema, "Wa kwanza anafanana na mimi." Nikacheka pia kwa nusu ya uso iliyokuwa inacheka. Daktari hakucheka sana. Akamwambia Mama Amina kwamba ndani ya ubongo mahali pa kusikia maneno si palepale pa kuyatoa. Kwangu pa kusikia ni pazima. Fatiha na kuhesabu, mtu alivyovizoea tangu utotoni, hupita njia yao na kutoka hata kama mlango mwingine umebomoka. Na lugha ya kwanza, kwa wengine, hurudi mbele ya ile waliyoitumia kila siku. Si kwamba amechagua. "Na ndiyo yake musiitumie," akasema. "Imebaki peke yake nyumbani. Kila anayebisha, inafungua."

Mama Amina alikuwa bado amesimama. "Anasikia yote?"

"Yote. Nafikiri tangu mwanzo."

Akakaa. Kwa muda mrefu hakuniangalia. Nafikiri alikuwa anapitia yote aliyosema karibu na kitanda kile, yeye na mama yake. Kisha akaondoa kijiko na sabuni na kitana, akamrudishia daktari ufunguo wake. Akatoa ufunguo wa nyumba yetu kwenye ncha ya kitenge, akauweka upande mmoja wa blanketi. Akamwendea Sumaili, aliyekuwa amesimama karibu na begi akisubiri safari, akamvua kofia kichwani bila kuomba, akaiweka upande wa pili.

"Kofia ni Wamaza," akaniambia. "Ufunguo ni kwetu. Unataka wapi?"

Mkono wangu ulifika kwenye ufunguo kabla hajamaliza. Mdomo nao, kama kawaida yake, ulikuwa unasema ndiyo, ndiyo. Mama Amina akabadilisha vitu, kofia kushoto, ufunguo kulia. Nikachukua ufunguo. Akabadilisha tena. Safari hii nilipoushika sikuurudisha.

"Shemeji," akasema, bila kugeuka. "Siku ile alisema nini?"

Sumaili alikuwa anatazama mlango. "Alisema anataka nyumba yake. Barazani. Masini isiuzwe."

"Na weye ulituambia nini?"

"Mama alisema nisirudi bila yeye." Kisha sauti yake ikabadilika, akaongea na mimi, kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Yaya, kaka yangu mukubwa, tangu nikiwa mutoto mudogo haukuniongelesha kwa luga yetu. Unakuja kwa msiba, unaongea kama bwana wa mji, unaondoka. Sasa nimefika hapa, umenililia, umeniita ile jina. Nikasema, huyu amerudi. Nikuache tena kwa watu hawa, wakupoteze mara ya pili?"

Nilimsikia. Ni maneno ya mtu anayependa, hata mimi najua. Lakini duniani nilikuwa na mdomo mmoja tu, nao ulikuwa wake, na akautumia kwa haja yake. Nilimwambia jambo moja kwa Kibangubangu. Mama Amina akauliza nimesema nini. Sumaili akalitafsiri barabara safari hii, kwa kuwa hakuwa na lingine la kupoteza: "Anasema nitoke."

Akachukua kofia yake.

Nilirudishwa nyumbani mvua zikiwa kali. Zoezi la kwanza walilonipa lilikuwa kufinya mpira wa vitambaa, na la pili kuvaa shati mwenyewe, mkono mgonjwa kwanza. Wenye ugonjwa huu, likumbukeni hilo, mkono mgonjwa kwanza, na wakati wa kuvua uwe wa mwisho. Limeniokolea ugomvi mwingi wa asubuhi. Kila mara nilirudi kwenye benchi la hospitali kupimwa tansio na kupewa vidonge, na nilijua wakati kwa mashamba tuliyoyapita njiani: mpunga mdogo, mpunga wa kijani, mpunga umelala kwa uzito.

Kiswahili kilirudi kwa vipande. Neno langu la kwanza jipya lilikuwa tusi, nililomtupia mbuzi aliyekula kola ya shati la mteja, na nyumba nzima ikashangilia. Jina la Mama Amina lilikuja wakati wa kuvuna mpunga. Nilikuwa nimekaa nyuma ya masini, sishoni kitu, nikalisema nikiutazama mgongo wake. Hakugeuka. Aliendelea kupepeta mchele, kisha akasema, "Papa Amina, nikuambie kitu?"

"Sema."

"Siku ile uliposema ndiyo, nilipumua. Nilikuwa nimechoka. Nilisema moyoni, basi, wamuchukue." Akapepeta tena. "Halafu nikakunja mashati vizuri ili nisijisikie vibaya."

Nilikuwa nimekwisha kuyasoma hayo kwenye mikono ya mashati. Lakini kusikia ni kitu kingine. Siku nyingi sikumtania. Sasa ninamtania, ila kuna mahali fulani sifiki, na yeye anapajua, tunapapitia pembeni sote wawili. Nawaandikia hili kwa sababu wengi watawaambia kwamba ugonjwa unaleta watu karibu. Unaleta. Na ukishawaleta karibu, mnaonana.

Jambo ambalo sikulitazamia ni hili: kadiri Kiswahili kilivyorudi, Kibangubangu kilianza kuondoka, kana kwamba humo ndani kuna kiti kimoja tu. Kusikia ninasikia chote. Kusema, kimebaki kidogo sana, vijineno vya mtoto mchanga. Nilimuuliza daktari kijana. Akasema inatokea kwa baadhi ya watu, na sababu yake hata waliosoma ubongo bado wanabishana juu yake. Nilitamani aniambie uongo kidogo.

Basi, kwa wenye mgonjwa: msimuulize maswali ya ndiyo na hapana kisha mkaondoka na jibu. Wekeni vitu viwili mbele yake, mumwachie mkono. Badilisheni upande. Rudieni. Wala msiongee juu ya kitanda chake kama watu wanaoongea juu ya meza.

Kiangazi kilipoingia, Mama alipiga simu. Mama yangu ni mzee sana, Kiswahili chake ni cha soko, cha kuuza mihogo na kukataa bei. Zaidi ya hapo anahitaji mtu wa kumbebea maneno, na mtu huyo ni Sumaili, wanakaa boma moja. Mimi na Sumaili tulikuwa hatujasemeshana tangu hospitali. Lakini sina mwingine.

"Mwambie Mama nimepona kiasi," nikasema, polepole, kama ninavyosema sasa. "Ninatembea na fimbo. Safari ya Wamaza siwezi. Siji. Nitabaki kwangu."

Sumaili akamgeukia Mama huko kwao. Nikamsikia wazi akimwambia, kwa lugha yetu, kwamba yaya anasema barabara imekauka, anakuja kukaa na wewe. Mama akapiga vigelegele, vile vya zamani, vinavyokatika kwa sababu ya meno.

Nikafungua mdomo kumwambia, Mama, sikusema hivyo. Nikatafuta kwa Kibangubangu. Nilipata neno la maji, na neno la baridi. Simu ilikuwa imejaa furaha yake.

Mama Amina alikuwa anatwanga sombe. "Wanafurahia nini?"

"Nimesema ninakuja."

"Nani amesema?"

"Mimi. Kwa kinywa cha Sumaili."

Akaweka mchi chini. Akajifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole, akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Mama mukwe, ni mimi, Mama Amina," akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na ng'ambo ya mto. "Papa Amina haji. Muguu iko mubaya. Njoo weye. Sumaili akulete na moto, ile pikipiki yake. Njoo ukae hapa kwetu."

Nikasikia Sumaili akianza kusema kitu, na Mama akimnyamazisha kwa mlio wa ulimi. Kisha sauti yake ikaja, kwa Kiswahili, kila neno likiwekwa chini peke yake.

"Kitanda iko?"

Mama Amina aliniangalia, akatazama ndani ya nyumba, kwenye chumba cha watoto, kwenye baraza.

"Iko," akasema.